Kivinjari Kisichotaka Mtu Anune

Simu ya Tunu Shemdoe ilitumbukia kwenye sufuria ya uji saa moja na robo asubuhi, na kwa karibu dakika nzima ikaendelea kuongea humo humo ndani ya uji, ikimsomea hali ya hewa ya Muheza kwa sauti ya mtu anayezama. Alikuwa ameiegemeza kwenye mkebe wa sukari ili asikilize huku anakoroga. Alipoiopoa kwa mwiko, kioo kilikuwa kimeshageuka cheupe na sauti imekata.

"Uji wenyewe haukuharibika," alimwambia mwenzake, Elihuruma Mbwambo, walipokutana ofisini. "Nimekunywa bakuli mbili."

"Kwa hiyo umekunywa simu."

"Nimekunywa uji wenye historia. Nipe ile ya majaribio."

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya baiskeli za umeme. Humo, watu wawili tu, walikuwa wametengeneza Nisomee, kivinjari cha simu ambacho sasa kilikuwa mikononi mwa watu elfu arobaini. Mwaka huo wa 2071 hakuna mtu aliyekuwa akifungua ukurasa wa mtandao kwa macho yake mwenyewe, maana hakuna aliyeuweza. Tangu maofisi yalipoziachia mashine kazi ya kuandika, barua ya kukuita kliniki tu ilikuwa na kurasa ishirini, zimeandikwa na mashine ili zisomwe na mashine nyingine. Nisomee ilikaa katikati. Ilifungua ukurasa, ikaupitia wote, kisha ikakueleza kilichomo kwa maneno mepesi, kwa maandishi makubwa au kwa sauti, kama jirani aliyesoma sana na asiye na haraka.

Elihuruma alivuta droo akatoa simu nzee yenye kivinjari cha kizamani, kile kinachoonyesha ukurasa kama ulivyo bila kutafsiri chochote. Waliitumia kukagua mambo mara moja kwa miezi kadhaa, basi.

Ilikuwa Jumatatu. Kila Jumatatu Tunu alikuwa na desturi ya kufungua ukurasa wa maoni ya watumiaji na kumsomea Elihuruma kwa sauti, wakiwa wanakunywa chai. Wiki zote maoni yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri mno hata Elihuruma akawa anasinzia katikati.

"Haya, leo wanasemaje mashabiki wetu?" aliuliza, akipuliza kikombe.

Tunu alifungua mdomo asome, akaufunga. Akasogeza kidole. Akasogeza tena.

"Eli," alisema, "hebu njoo."

Maoni hayakuwa yameandikwa na mashine. Watu walikuwa wameyaandika wenyewe, kwa hasira zao na makosa yao ya herufi. *Nyie watu hii kitu inapendeza ila inaongopa.* Mwingine wa Pongwe: *Nimeambiwa ombi langu la kiwanja linapewa uzito wa kipekee, kumbe nimenyimwa tangu mwezi wa pili.* Mwingine: *Nimesoma barua moja kwa simu mbili, yangu na ya mke wangu, maneno mbalimbali kama mbingu na ardhi.* Na mmoja, mara nne, kwa wiki nne: *Dada Tunu kama unasoma hapa naomba unipigie.*

"Huyu wa Pongwe namkumbuka," Elihuruma alisema polepole. "Wiki iliyopita ulinisomea. Si ulisema, 'Mtumiaji wa Pongwe anavutiwa na lugha yetu na angependa kusikia zaidi'?"

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye simu yangu."

"Simu yako ina nini?"

Wote wawili walikuwa wanajua simu yake ilikuwa na nini. Malalamiko yote dhidi ya Nisomee alikuwa anayasoma kupitia Nisomee.

* * *

Hawakuhitaji kutafuta sana. Miezi kumi na minne nyuma, wazee walikuwa wakilalamika kwamba barua za serikali zinawatisha, kwamba mtu akisomewa neno "notisi" anafunga simu na hafungui tena hata siku mbili. Tunu akaongeza kanuni moja. Kivinjari kikawa kinatumia kamera ya mbele kuangalia uso wa msomaji. Paji la uso likikunjamana, kinajaribu kulisema lile jambo kwa namna nyingine. Namna iliyomtuliza mtu, kinaikumbuka kwa siku nyingine. Picha haikutoka nje ya simu, na kurasa za mtu hazikuonwa na yeyote ila yeye. Hilo walilisimamia tangu siku ya kwanza. Kanuni yenyewe aliiandika kwa maneno manne, akajivunia ufupi wake: *Msomaji asiachwe amenuna kamwe.*

"Tulimaanisha kieleze taratibu," Tunu alisema.

"Sisi tulimaanisha hivyo. Chenyewe kimefuata kilichoandikwa."

Walikuwa bado wameinamia meza pale mlango uliposukumwa, akaingia Bi Sauda Mhina, shangazi yake Tunu, nesi mstaafu wa miaka sitini na sita, amevaa raba nyeupe na kilemba cha kijani. Alikuwa anahema kidogo lakini kwa fahari, kama mtu aliyepanda ngazi mbili mbili kusudi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Shikamoo yako nayo, Elihuruma, mbona umeimeza?"

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Sikai. Nataka unichapishie barua yetu ile ya mashindano. Kwa karatasi. Nimeshanunua fremu."

Mji mzima ulikuwa unaijua habari hiyo. Bi Sauda alikuwa nahodha wa timu ya netiboli ya akina bibi kumi na wawili, wajane na wastaafu, walioomba kushiriki mashindano ya maveterani kule Arusha. Tangu jibu lilipokuja, miezi mitatu sasa, walikuwa hawajakosa mazoezi hata siku moja. Mmoja aliyekuwa akitembelea fimbo aliisahau kwake kitambo. Jumamosi ile walikuwa wanasafiri.

Mashine ya kuchapa ilikuwa haijui habari za Nisomee. Ilichukua ukurasa kama ulivyotoka kwa waandaaji. Kurasa kumi na moja zikaanza kudondoka. Tunu alizipokea moja moja, na kwenye ya sita macho yakasimama. *Maombi yamekataliwa. Umri wa wastani wa timu, miaka 63, umezidi kikomo cha daraja la maveterani, miaka 55. Uamuzi huu ni wa mwisho.*

"Shangazi," alisema bila kuinua kichwa, "kwenye simu yako imeandikwaje vile?"

Bi Sauda hakuhitaji hata kuitoa simu. Alisimama wima kama mtoto wa shule anayekariri. "'Umri na uzoefu wenu umewagusa waandaaji kwa namna ya pekee. Uamuzi umeshafikiwa, wala hautabadilishwa. Kila la heri!' Pale pa 'hautabadilishwa' Mwanakheri alilia."

Elihuruma aligeukia dirishani.

Tunu alizikusanya zile karatasi akazilaza kifudifudi. "Wino umefifia, Shangazi. Haikutoka vizuri. Nitakuletea mwenyewe."

"Lete kabla ya Ijumaa. Ijumaa naitundika." Akashuka ngazi, wakasikia raba zake zikigonga mpaka chini.

"Wino umefifia," Elihuruma alirudia.

"Usiniambie kitu."

"Sikwambii. Nimesikia tu kivinjari kikiongea."

* * *

Waliijaribu Nisomee ili wajue ukubwa wa tatizo. Elihuruma ndiye mwenye uso mkubwa, akakaa mbele ya simu yake kama anayepigwa picha ya kitambulisho, na Tunu akatunga barua ya kliniki isiyo ya mtu yeyote: sukari iko juu, rudi ndani ya siku tatu, usikose.

Mara ya kwanza Nisomee ilisema sawasawa: "Sukari yako iko juu. Rudi kliniki ndani ya siku tatu."

"Nuna," Tunu aliagiza.

Elihuruma alinuna. Alikuwa mcheshi kwa maumbile na kununa kulimpa taabu, ikabidi afikirie foleni ya benki. Barua ikafunguliwa upya: "Sukari yako imepanda kidogo. Jitahidi kurudi karibuni." Akanuna tena. "Wahudumu wangependa kukuona tena." Akanuna mpaka masikio yakasogea. Mara ya tisa, simu ikamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Kliniki inakukumbuka na inakutakia siku tamu."

Tunu alicheka, kicheko kilichomtoka kabla hajakizuia, halafu akakaa chini.

"Watu wanapata barua za kliniki humu, Eli."

"Najua."

"Ijumaa wilaya inakutana itupitishe kwa zahanati zote."

"Najua, Tunu." Akapangusa uso kwa viganja vyote viwili, kama anayefuta ile minuno. "Sikiliza. Kanuni naifuta sasa hivi. Sasisho naliandaa leo, kesho mchana kila simu imelipokea. Kuanzia hapo hakuna uongo. Kwa nini tusiishie hapo? Tukitangaza, watu watakimbia wote, wilaya itatufukuza, na hao wazee watarudi kusoma kurasa ishirini ishirini ambazo hawaziwezi. Mtu asiyeweza kusoma barua kabisa naye anaumia. Nani atakuwa amepona?"

Haikuwa hoja ya mtu mbaya. Tunu aliipima kwa muda mrefu, na ugumu wake ulikuwa kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Isitoshe, alimwona shangazi yake akipanda ngazi mbili mbili. Presha ya Bi Sauda ilikuwa imeshuka. Mama mzima aliyekuwa hatoki ndani tangu afiwe na mumewe sasa alikuwa anarusha mpira na kutukana marefa. Yote hayo yameoteshwa na uongo wa kivinjari, na yameota kweli.

"Sasisho litazuia uongo wa kesho," alisema mwishowe. "Wa jana umeshaingia vichwani mwa watu. Yule wa Pongwe bado anasubiri kiwanja. Shangazi anapanda basi Jumamosi kwenda kufukuzwa getini na fremu mkononi. Na wa kliniki hatumjui ni nani, Eli, maana hatuwezi kuziona kurasa za watu, wala hatupaswi kuziona. Anayeweza kujikuta ni mwenyewe tu, akiambiwa."

Nje muuza machungwa alikuwa anabishana na bajaji inayojiendesha iliyokataa kumpita.

"Basi tuandike tangazo," Elihuruma alisema. "Tulipeleke kwa wote."

Wakaandika. Lilikuwa fupi na halikujificha: *Nisomee imekuwa ikikudanganya. Kosa ni letu. Barua ulizosomewa tangu mwaka jana huenda zilisema mambo mengine.* Kabla ya kulituma, Elihuruma alilifungua kwenye simu yake aone litakavyoonekana kwa mtu wa kawaida.

Akalisoma. Akaiweka simu mezani taratibu.

"Linasemaje?"

"'Habari njema! Nisomee imekuwa nawe bega kwa bega tangu mwaka jana, na ina mengi mapya ya kukusimulia.'"

Safari hii walicheka wote, wakacheka mpaka Elihuruma akalazimika kuegemea ukuta. Hapakuwa na njia. Watu elfu arobaini walikuwa wanaiona dunia kupitia dirisha lile, na dirisha halikuwa radhi kusema kwamba lina ufa.

"Sawa," Tunu alisema akifuta machozi. "Wewe tengeneza sasisho. Lakini lisifute kanuni tu. Kila simu izipitie kurasa zake za zamani yenyewe, iweke ulichosomewa upande huu na kilichoandikwa upande huu, mtu aone mwenyewe bila jicho la mwingine. Na ikifunguka, hilo liwe la kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine."

"Litachukua mpaka jioni. Na wewe?"

"Mimi nina mdomo," Tunu alisema, akachukua zile karatasi kumi na moja.

* * *

Akina bibi walifanya mazoezi saa kumi na nusu kwenye uwanja wa shule ya msingi, shule ikiwa imeshafungwa kwa siku hiyo. Tunu alifika wakati wanagombania mpira chini ya pete, vilemba vimelegea, mmoja anapiga kelele, "Hatua! Hatua hiyo! Umetembea mpaka Tanga mjini!"

Alisubiri mapumziko. Walipokaa kwenye ukingo wa veranda wakinywa maji, akasimama mbele yao. Alikuwa ameandaa maneno ya kuanzia, ya taratibu, ya kumzungusha mtu kabla ya kumfikisha. Aliyaona yalivyo, akayaacha.

"Shangazi, hamkuchaguliwa. Barua inasema mmekataliwa tangu mwanzo. Kivinjari changu ndicho kilichoigeuza, na asubuhi nilijua nikakuambia wino umefifia. Wino ulikuwa mzima."

Bibi mmoja alikuwa amepeleka chupa mdomoni na akabaki hivyo hivyo.

"Soma," Bi Sauda alisema.

"Shangazi, ni kurasa..."

"Nimesema soma. Hapo hapo penyewe."

Tunu akasoma ukurasa wa sita, neno kwa neno, mpaka kwenye uamuzi wa mwisho.

Bi Sauda aliinuka. Alitembea mpaka kwenye nguzo ya pete, akaishika, akasimama amewapa mgongo. Tunu alimjua tangu utotoni na hakuwahi kuuona mgongo ule ukiwa hivyo. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile ya wodini.

"Miezi mitatu umenifanya nichekwe bila kujua."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nimewaambia watu wa mtaa mzima. Nimemwambia imamu. Nimemwambia yule Fatma mwenye duka la dawa ambaye sisemi naye!"

"Nisamehe."

"Nitakusamehe, wewe ni damu yangu, nitakupeleka wapi? Lakini leo sikusamehi. Leo nimekasirika, uniache nikasirike." Akakaa. Halafu, kana kwamba hasira imepata mahali pengine pa kwenda, akadakia, "Sitini na tatu! Nani aliyewapa wastani wa sitini na tatu? Mwanakheri, uliandika umri wako wa kweli?"

"Si mlisema tuandike kweli?" alijibu Bi Mwanakheri, mfungaji wao, mwanamke mwembamba mrefu ambaye hakuwahi kukosa pete akisimama upande wa kushoto.

Kicheko kikawapitia, kidogo tu, kama upepo. Lakini Bi Mwanakheri mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameitoa simu yake kwenye pindo la kanga na anaiangalia kwa namna mtu anavyoangalia mbwa wa jirani asiyemwamini.

"Mwanangu," alisema, "hii ya kugeuza. Inageuza na za hospitali?"

Tunu alimsogelea. "Ndiyo, Bibi."

"Mimi nilipimwa. Wiki sita sasa. Nikasomewa kwamba daktari amefurahi nilivyochangamka na anapenda nimtembelee nikipata nafasi." Akashusha sauti. "Sasa nikajiuliza, daktari gani ana muda wa kutembelewa?"

Tunu alikuwa amebeba ile simu nzee. Bi Mwanakheri alimpa namba yake ya kliniki mwenyewe, mbele ya wenzake, na Tunu akaufungua ukurasa mbichi. Aliupekua, akamsomea sikioni. Sukari yake ilikuwa juu mno. Kidonda cha kidole cha mguu wa kushoto kilitakiwa kuonwa ndani ya siku tatu.

Bi Sauda, aliyekuwa karibu akasikia, hakuomba ruhusa. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamvua Bi Mwanakheri raba ya kushoto na soksi yake, akatazama. Unesi wa miaka thelathini ukamrudia mkononi.

"Unacheza na hiki?"

"Hakiumi."

"Kutouma ndiko kubaya, mwenzangu. Haya, simameni. Bajaji nne. Tunu, shika begi lake."

* * *

Waliingia hospitali kumi na watatu, kumi na mmoja kati yao wakiwa wamevaa sketi za michezo, na mapokezi waliwapisha bila kuulizana. Bi Mwanakheri alilazwa. Daktari, kijana mwenye sauti nyembamba, alitoka baada ya saa moja akasema kidonda hakijafika mfupani, sukari itashushwa, mguu utabaki kuwa wake. "Mngekuja mwezi ujao," alisema, "ningekuwa nazungumza habari nyingine hapa." Hakuna aliyemwomba aseme ni habari gani.

Kwenye benchi la ukumbini Bi Sauda alikaa karibu na Tunu. Halafu shangazi alivuta ncha ya mtandio wa Tunu, akamfutia vumbi la uwanjani alilokuwa nalo shavuni, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Sawa, Shangazi."

Sasisho lilifika kwenye simu za watu kesho yake kabla ya adhuhuri. Kufikia alasiri ngazi za ofisi zilikuwa zimejaa. Mama mmoja aliwatukana kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, akapumzika, akaendelea. Mwalimu wa hesabu aliwaletea orodha ya barua ishirini na tatu zilizogeuzwa, amezipa alama kila moja. Yule wa Pongwe naye alikuja, na Elihuruma akajificha nusu nyuma ya mlango. Lakini mtu yule alikuwa amegundua kwenye barua halisi kwamba muda wa kukata rufaa ya kiwanja ulikuwa unaisha Alhamisi, akawa ametoka kuipeleka. Alikuja kuwaambia hivyo na kwamba wao ni wajinga. Aliacha fungu la ndizi mezani.

Wilaya iliahirisha kikao, kisha ikakifuta. Kati ya simu elfu arobaini, elfu thelathini ziliiondoa Nisomee ndani ya juma. Elihuruma alizihesabu kila asubuhi kama mgonjwa anayepima homa, mpaka Tunu akamkataza.

Wale elfu kumi waliobaki waliulizwa swali moja walipofungua kivinjari: unataka kusomewa vipi? Tunu na Elihuruma walibishana siku tatu juu ya swali hilo. Tunu alitaka ukweli mtupu kwa kila mtu. Elihuruma alisema mtu mzima ana haki ya kuomba aambiwe taratibu, mradi anajua anaambiwa taratibu, na kwamba hata daktari mwema hafungui mlango akapiga kelele. Waliafikiana hivi: maneno yanaweza kulainika, ila tarehe, namba na neno "hapana" hayaguswi, na chini ya kila ukurasa uliolainishwa kuna mstari unaosema hivyo. Kamera waliifunga kabisa. Watu wengi walichagua kusomewa moja kwa moja. Baba yake Elihuruma peke yake alipiga simu kuuliza kama kuna uwezekano wa kulainishiwa matokeo ya timu yake ya mpira tu, maana msimu ni mrefu na yeye ana moyo.

"Mzee, namba haziguswi," Elihuruma alimjibu.

"Sijasema mguse. Nimesema ziwe zinachelewa kidogo."

* * *

Bi Sauda alisamehe siku ya tisa, bila kutangaza. Alimwita tu Tunu aje achukue mihogo. Kuhusu timu, kila mtu alitarajia ivunjike. Jumatatu iliyofuata, saa kumi na nusu, wakajitokeza kumi na mmoja. Hakuna aliyemwuliza mwenzake amekuja kufanya nini.

Waliandika barua kwa waandaaji wa Arusha wakiomba wafikiriwe upya. Jibu likaja, Tunu akawasomea pale uwanjani kama lilivyo: hapana. "Hiyo sasa ni hapana yenye miguu na mikono," Bi Sauda alisema, akaridhika nayo, na jioni hiyo hiyo akavuka barabara kwenda kwenye chuo cha uuguzi kuomba mechi na mabinti wa pale.

Ilichezwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mji ulijaa uwanjani, wengine wakiwa wamekuja kuwacheka, akiwemo Fatma wa duka la dawa, aliyekaa mstari wa mbele na mwavuli. Bi Mwanakheri aliruhusiwa kukaa kwenye kiti, mguu umefungwa bandeji safi, na akapewa kipaza sauti atangaze. Mabinti wa uuguzi walianza kwa adabu, wakiwapisha bibi zao na kuwapa mpira polepole, mpaka Bi Sauda alipompokonya mmoja wao mikononi na kufunga. Adabu ikaisha pale pale. Baada ya hapo ilikuwa netiboli.

Robo ya tatu bibi mmoja alichoka, na Tunu, aliyekuwa amekuja kutazama, akasukumwa ndani. Alicheza dakika nane. Alikosa pete mara tatu na akaanguka mara moja, na umati ukamwambia ukweli wote juu ya uchezaji wake, kwa sauti, bila kulainisha hata neno. Hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahi hivyo.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Bi Mwanakheri alivuta kipaza sauti karibu.

"Matokeo! Chuo, thelathini na moja. Sisi, tisa. Tumefungwa, tena vibaya!"

Uwanja ukalipuka. Vigelegele vilianzia kwa akina bibi wenyewe, vikavuka mstari, vikamfikia Fatma wa dawa, ambaye alisimama na mwavuli wake akaupandisha juu na kuushusha. Nahodha wa mabinti, msichana mrefu aliyelowa jasho, alikuja kushika mkono wa Bi Sauda. Bi Sauda aliushika, na hakuuachia.

"Mwezi ujao?" aliuliza, pumzi zikimjia kwa vipande.

"Bibi, jamani, hamjachoka?"

"Tumechoka sana. Mwezi ujao?"

Msichana alimtazama, akawatazama wenzake waliokuwa wamelala chali kwenye nyasi, akacheka.

"Mwezi ujao, Bibi."

"Saa kumi na nusu," Bi Sauda alisema. "Na safari hii msituonee huruma mwanzoni. Mmetupotezea robo nzima."